Sura ya Tano: Parokia Zilizohesabu Kura

Kuna njia nyingi za kumnyima raia kura yake. Jina lake linaweza kufutwa daftarini, anaweza kutishwa akiwa njiani kwenda kituoni, au sanduku likajazwa kura za watu wasiokuwepo. Njia iliyotumika Kinshasa mwaka 2016 ilikuwa nyepesi kuliko zote hizo: uchaguzi haukuitishwa.

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyotangazwa Februari 2006, inampa rais mihula miwili ya miaka mitano mitano, kisha kifungu cha 220 kinapiga marufuku kubadili idadi au urefu wa mihula hiyo. Joseph Kabila alikuwa ameapishwa kwa muhula wa pili Desemba 2011. Muda wake ulikwisha tarehe 19 Desemba 2016. Siku hiyo ilifika, ikapita, na yeye akabaki palepale. Katiba haikuguswa hata nukta. Wananchi waliambiwa tu kwamba daftari la wapigakura halijakamilika, fedha hazitoshi na nchi ni kubwa mno.

Nani angeweza kusimama na kuuliza? Vyama vya upinzani vilikuwa vimegawanyika, na kiongozi wao mkongwe, Étienne Tshisekedi, alikuwa mgonjwa. Maandamano ya kisiasa yalipigwa marufuku. Kilichosalia ni taasisi moja iliyofika mahali ambapo hata serikali yenyewe haifiki: Kanisa. Kanisa Katoliki peke yake lilikuwa na majimbo 47 yaliyoenea nchi nzima, na sehemu kubwa ya shule na zahanati zilikuwa mikononi mwake. Kuna maeneo Kongo ambako barabara imekufa, posta imekufa, hakimu hajaonekana kwa miaka, lakini katekista yupo, na Jumapili watu wanakusanyika.

Katika miaka miwili iliyofuata, Kanisa lilijaribu kuitetea kura kwa njia tatu: kwanza mezani, kisha barabarani, na mwisho kwa hesabu. Hoja ya sura hii ni kwamba njia ya tatu, isiyo na mbwembwe wala nyimbo, ndiyo iliyokigusa kiini cha jambo. Na ndiyo pia iliyoonyesha uwezo wa dini unaishia wapi.

Mezani

Maaskofu walianza na kile walichokizoea, upatanishi. Baraza lao, linalojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa CENCO, lilikuwa chini ya Askofu Mkuu Marcel Utembi wa Kisangani. Desemba 2016 waliwaketisha wajumbe wa serikali na wa upinzani katika kituo cha maaskofu jijini Kinshasa, wakajadiliana kwa wiki kadhaa, na usiku wa kuamkia mwaka mpya mapatano yakasainiwa. Kabila angebaki hadi uchaguzi ufanyike, nao ungefanyika kabla ya mwisho wa 2017. Hangegombea muhula wa tatu. Waziri mkuu angetoka upinzani.

Wino haujakauka, mambo yakaanza kulegea. Tshisekedi alifariki Brussels tarehe 1 Februari 2017. Mwishoni mwa Machi maaskofu walijitoa kwenye upatanishi, wakisema wanasiasa hawana nia. Aprili, Kabila akamteua waziri mkuu Bruno Tshibala, mtu wa upinzani kweli, lakini aliyekuwa ameshakosana na wenzake. Novemba, tume ya uchaguzi, CENI, ikatoa ratiba yake: uchaguzi ungefanyika tarehe 23 Desemba 2018. Mwaka mzima ulikuwa umeliwa.

Udhaifu wa meza ulionekana wazi. Mapatano yalitegemea neno la watu ambao hawakuwa na faida yoyote kulitimiza, na maaskofu hawakuwa na namna ya kuwalazimisha. Walichokuwa nacho ni aibu, na aibu haifanyi kazi kwa mtu asiyeiona.

Barabarani

Hapo ndipo walei walipochukua hatua. Kikundi cha waumini wa Kinshasa, wengi wao wasomi, kiliunda Kamati ya Uratibu ya Walei. Miongoni mwao walikuwemo Isidore Ndaywel è Nziem, mwanahistoria anayeheshimiwa kuliko wengi nchini humo, na Profesa Thierry Nlandu. Hawa hawakuwa vijana wenye damu moto. Walikuwa watu wazima wenye kumbukumbu ndefu.

Kumbukumbu yenyewe ilikuwa ya Jumapili, tarehe 16 Februari 1992. Mwezi mmoja kabla ya hapo, serikali ya Rais Mobutu ilikuwa imelifunga Kongamano Kuu la Taifa, mkutano wa kujadili mageuzi ya kisiasa nchini, lililokuwa likiongozwa na Askofu Mkuu Laurent Monsengwo. Waumini walitoka makanisani wakiimba, wakiwa na matawi na misalaba, kudai kongamano lifunguliwe. Askari wakafyatua risasi. Makumi ya watu waliuawa. Lakini Aprili mwaka huohuo kongamano lilifunguliwa tena, na Wakongo wa kizazi hicho wakatoka na somo lililogharimu damu: Misa ikiisha, maelfu ya watu wapo tayari pamoja, na hakuna kibali cha polisi kinachohitajika ili wakusanyike.

Miaka 25 baadaye somo hilo lilitumiwa upya. Kamati iliitisha maandamano tarehe 31 Desemba 2017, mwaka kamili tangu mapatano yasainiwe. Ilikuwa Jumapili, sikukuu ya Familia Takatifu. Serikali ilikata intaneti na ujumbe wa simu nchi nzima. Askari waliweka vizuizi njiani na kuzingira makanisa. Mabomu ya machozi yalirushwa ndani ya viwanja vya kanisa, na kwingine ndani ya kanisa lenyewe, wazee na watoto wakiwa bado kwenye mabenchi. Waliofanikiwa kutoka walitembea na Biblia, rozari na misalaba mikononi. Watumishi wa altare, vijana wenye kanzu zao, walikamatwa wakiwa mbele ya msafara. Umoja wa Mataifa uliripoti vifo kadhaa siku hiyo.

Siku mbili baadaye Monsengwo, aliyekuwa sasa kardinali wa Kinshasa mwenye umri wa miaka 78, alitoa tamko kali kuliko yote ya maisha yake. Aliwaita watawala watu wasio na uwezo wa kazi yao, akawataka waondoke. Kamati iliitisha maandamano tena tarehe 21 Januari na 25 Februari 2018. Mara zote mbili watu waliuawa. Katika parokia moja ya Kintambo, jijini Kinshasa, risasi ilimpata mlangoni mwa kanisa msichana wa miaka 24 aliyekuwa akijiandaa kuwa mtawa. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilihesabu angalau watu 47 waliouawa na vyombo vya usalama katika maandamano ya tangu Januari 2017 hadi Januari 2018. Hati za kuwakamata viongozi wa kamati zilitolewa, nao wakajificha.

Sauti zilitoka pia nje ya Kanisa Katoliki. Tarehe 16 Januari 2018, katika kanisa kuu la Waprotestanti jijini Kinshasa, ilifanyika ibada ya kumkumbuka Laurent-Désiré Kabila, baba wa rais, aliyeuawa tarehe hiyo mwaka 2001. Wakubwa wa serikali walikaa safu za mbele. Mchungaji François-David Ekofo alipanda mimbarani akawaambia usoni kwamba Kongo ni kana kwamba haina dola, na kwamba watoto wanastahili kurithishwa nchi yenye dola ya kweli. Wiki chache baadaye alikuwa uhamishoni.

Tarehe 8 Agosti 2018 chama tawala kilimtangaza Emmanuel Ramazani Shadary kuwa mgombea wake. Kabila hakugombea. Si haki kusema kwamba maandamano peke yake yalimwondoa: majirani wa kusini mwa Afrika walimshinikiza, na mataifa ya Magharibi yaliweka vikwazo kwa watu wake wa karibu. Hata hivyo, majirani hao wangeweza kunyamaza kwa urahisi zaidi kama mitaa ya Kinshasa ingenyamaza. Barabara ilileta tarehe ya uchaguzi na jina jipya kwenye karatasi ya kura. Haikuweza kuhakikisha kwamba karatasi hiyo itahesabiwa ilivyo.

Hesabu

Uchaguzi uliahirishwa tena kwa wiki moja baada ya ghala la tume jijini Kinshasa kuungua na maelfu ya mashine za kupigia kura, kisha ukafanyika Jumapili ya tarehe 30 Desemba 2018. Wagombea urais walikuwa 21. Mashine hizo, zilizotengenezwa Korea Kusini, ndizo zilizozua ubishi mkubwa kuliko kitu kingine chochote. Mpigakura aligusa picha ya mgombea wake kwenye kioo, mashine ikachapa chaguo lake kwenye karatasi, naye akaitumbukiza karatasi sandukuni. Wapinzani waliziita mashine za wizi.

Lakini sheria ilikuwa na kipengele kimoja cha kuokoa. Jioni, kura za karatasi zilipaswa kuhesabiwa kwa mkono, kituo kwa kituo, mbele ya mawakala wa vyama na waangalizi. Matokeo yaliandikwa kwenye fomu, yakasainiwa, na nakala ikabandikwa nje ya kituo ili kila mtu aisome. Mashine ingeweza kufanya itakavyo. Karatasi ile ukutani ilikuwa ushahidi.

Maaskofu walikuwa wamekwisha kujifunza thamani ya karatasi hiyo. Katika uchaguzi wa Novemba 2011 walikuwa na waangalizi wapatao 30,000, na Monsengwo alitangaza kwamba matokeo yaliyotolewa hayakulingana na ukweli wala haki. Mwaka 2018 walitawanya waangalizi takriban 40,000. Vituo vyenyewe vilikuwa zaidi ya 70,000, kwa hiyo hapakuwa na mwangalizi kila mahali, lakini hakuna chama, balozi wala shirika la kigeni lililokaribia idadi hiyo. Umoja wa Ulaya haukuwa hata na ujumbe wa waangalizi. Baraza la Maaskofu halikuhitaji kukodi watu wala kuwapangia hoteli. Waangalizi wake walikuwa wakazi wa maeneo yaleyale, wanaojua nani ni nani na njia ipi inapitika mvua ikinyesha.

Kazi yao haikuwa na ushujaa wa kupigwa picha. Fika kabla kituo hakijafunguliwa. Andika saa kilipofunguliwa na kama mashine inafanya kazi. Kaa hadi usiku, taa ikizimika tumia tochi. Subiri karatasi ya mwisho ihesabiwe. Nakili tarakimu za fomu, zitume Kinshasa. Siku iliyofuata serikali ilikata intaneti tena, lakini taarifa ziliendelea kuingia.

Beni na Butembo, katika Kivu Kaskazini, pamoja na Yumbi upande wa magharibi, hawakupiga kura ya urais siku hiyo. Tume ilikuwa imeahirisha uchaguzi wao hadi Machi, ikitaja Ebola na usalama. Zaidi ya wapigakura milioni moja waliachwa nje, ilhali rais angeapishwa Januari. Watu wa Beni walishangaa: masoko yalikuwa wazi, makanisa yamejaa, na ni kituo cha kupigia kura pekee kilichoonekana kuambukiza. Tarehe 30 Desemba wakajipangia uchaguzi wao wenyewe. Walinawa mikono kama kanuni za Ebola zilivyotaka, wakapanga foleni, wakaandika kura zao kwa mkono. Kisheria haikuwa na uzito wowote. Lakini iliondoa kisingizio kwamba watu wa huko hawawezi kukusanyika salama.

Tarehe 3 Januari 2019, Padri Donatien Nshole, katibu mkuu wa Baraza la Maaskofu, aliwaita waandishi wa habari. Alisema fomu zilizokusanywa na waangalizi zinaonyesha mshindi dhahiri wa urais, akaitaka tume itangaze ukweli. Jina hakulitaja. Sheria ya Kongo inaipa tume peke yake mamlaka ya kutangaza matokeo, na tume ilikuja juu hata kwa hayo machache, ikidai kwamba kauli ile inaweza kuchochea fujo.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Januari, Corneille Nangaa, mwenyekiti wa tume, alisoma matokeo. Félix Tshisekedi, mtoto wa yule mkongwe, asilimia 38.57. Martin Fayulu, mgombea mwingine wa upinzani, takriban 34.8. Shadary, takriban 23.8. Siku hiyohiyo maaskofu wakatoa kauli: matokeo haya hayalingani na takwimu zetu. Siku chache baadaye, vyombo vya habari vya kimataifa vikalinganisha takwimu zilizovuja kutoka kanzidata ya tume na zile za Kanisa. Zote mbili zilielekea upande mmoja: Fayulu alikuwa mbele kwa mbali, karibu asilimia 60. Umoja wa Afrika uliomba utangazaji wa mwisho usitishwe. Mahakama ya Katiba haikusikia. Tarehe 20 Januari iliitupa rufaa ya Fayulu, na tarehe 24 Tshisekedi akaapishwa. Matokeo ya kila kituo hayakuchapishwa kamwe.

Walipoishia

Wapo wanaowalaumu maaskofu kwa kusema nusu. Walijua, wasema wakosoaji, wakanyamazia jina. Na walipoona nchi jirani zinampongeza Tshisekedi, wakaliacha jambo lipoe. Lawama hiyo ina uzito. Mtu aliyekesha kituoni hadi usiku wa manane alistahili kuona tarakimu alizonakili zikiwekwa hadharani.

Lakini tujiulize pia nini kingefuata. Kumbukumbu ya Februari 1992 ilikuwa hai, na makaburi ya Januari 2018 yalikuwa bado mabichi. Kutaja jina kungekuwa kuwaita watu barabarani, na askari walikuwa wamekwisha kuonyesha wanachofanya. Maaskofu walichagua kuuweka ukweli kwenye rekodi bila kuwatuma watu kuufia. Kwa maoni yangu walikosea katika jambo moja tu: wangeweza kuchapisha fomu zenyewe, kituo kwa kituo, bila kutamka jina la mtu, na kumwachia kila Mkongo ajumlishe mwenyewe.

Kuna ugumu mwingine ambao watetezi wa Kanisa hupenda kuuruka. Nchini Kongo madhehebu ya dini ndiyo yanayopendekeza mwenyekiti wa tume ya uchaguzi. Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbanguisti, Waislamu, Waorthodoksi, Jeshi la Wokovu, makanisa ya uamsho na makanisa huru huketi pamoja na kutafuta jina. Tume ya 2006 iliongozwa na padri, Apollinaire Malumalu, na ile ya 2011, iliyolaaniwa vikali, iliongozwa na mchungaji Mmethodisti, Daniel Ngoy Mulunda. Ni kama mtu kumchagua refa kisha kukaa jukwaani akimzomea. Mwaka 2021 mfumo huo ulipasuka hadharani: Wakatoliki na Waprotestanti walimpinga Denis Kadima kuwa mwenyekiti, madhehebu mengine sita yakamuunga mkono, akateuliwa. Kila upande ulidai kusema kwa niaba ya waumini. Dini inapokabidhiwa funguo za taasisi, wanasiasa hawana haja tena ya kuipinga. Wanachohitaji ni kuigawa.

Mpasuko huo ulizaa angalau jambo moja jema. Katika uchaguzi wa Desemba 2023, Wakatoliki na Waprotestanti waliunganisha waangalizi wao katika ujumbe mmoja. Safari hii waliona Tshisekedi akiongoza kwa zaidi ya nusu ya kura, na wakasema hivyo, huku wakiorodhesha kasoro nyingi walizozishuhudia. Kardinali Fridolin Ambongo, mrithi wa Monsengwo, hakuficha kuudhika kwake na vurugu za uchaguzi ule. Tume yenyewe ilifuta kura za wagombea 82, baadhi wakituhumiwa kukutwa na mashine za kupigia kura mikononi mwao. Shahidi aliye tayari kusema kwamba aliyeshinda ameshinda, na papo hapo kusema kwamba uchaguzi ulichafuliwa, ni shahidi wa kuaminika kuliko yule anayejua kulalamika tu.

Msomaji wa Kenya atakuwa amekwisha kuona tofauti. Agosti 2022 tume ya huko iliweka fomu 34A za vituo kwenye tovuti yake, na yeyote mwenye simu na subira angeweza kujumlisha. Haikuzuia ubishi, wala tume yenyewe kugawanyika, lakini kesi ilipofika Mahakama ya Juu kila upande ulikuwa na karatasi zilezile mbele yake. Fomu hiyo ilipata nguvu kwa sababu raia walishtaki, mahakama zikaamua, na Septemba 2017 majaji wakathubutu kufuta uchaguzi wa rais. Kongo ilikuwa na waangalizi 40,000 na fomu zilizobandikwa ukutani, lakini haikuwa na mahakama iliyo tayari kuzisoma.

Kwa hiyo jumuiya ya waumini inayotaka kuitetea kura ina kazi inayoweza kuifanya vizuri kuliko mtu yeyote: kuwa na mtu anayeaminika katika kila kituo na kunakili kilichoandikwa. Kazi hiyo haihitaji askofu jasiri wala mhubiri mwenye ulimi. Inahitaji mafunzo, nauli, betri na watu wasiolala. Baada ya hapo lazima wakubali kwamba tarakimu sahihi hazijitekelezi zenyewe, na kwamba nguvu zilizotumika kuandaa waangalizi zinatakiwa pia katika kudai sheria inayoilazimisha tume kuchapisha fomu zote, na majaji wasioteuliwa kwa hisani. Kongo imekwisha kutenda nusu ya kwanza mara kadhaa, kwa uwezo ambao nchi tajiri zaidi hazijauonyesha. Nusu ya pili haiwezi kumalizwa na Kanisa peke yake, na haikupaswa kuachiwa Kanisa tangu mwanzo.